Meja Anajifunza Kutembea

Farasi akikukanyaga mguu, huwezi kumsukuma kama unavyomsukuma mtu kwenye foleni. Unangoja mpaka akumbuke kwamba ana miguu mingine mitatu. Namalwa, mwanamke aliyewatunza farasi, alikuwa amekanyagwa, ameng'atwa begani, amepigwa mkia usoni akiwa na chai mkononi, na yote hayo alikuwa ameyageuza vichekesho vya kuwachangamshia wenzake zizini. Hata kovu lililomzunguka kifundo cha mkono wa kulia alilifanyia mzaha. Akiulizwa alijibu kwamba ni saa, zawadi kutoka kwa Meja, haionyeshi muda lakini inakumbusha. Watu wakicheka, naye akicheka nao, kisha taratibu anateremsha mkono wa shati.

Zizi lilikuwa Kyebando, Kampala, bondeni, mahali ambapo malori ya barabara ya juu husikika kama tumbo lenye njaa. Mwenyewe alikuwa Mama Benedicte, Mkongomani wa Bukavu, mwanamke wa vitenge vizito na maneno machache. Aliishi kwa kukodisha farasi kwa maharusi: siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe, bwana harusi apandishwe juu ya farasi aliyevishwa kitambaa cha dhahabu, wapiga picha wamzunguke, ukoo wa mke useme kweli huyu ana uwezo. Kati ya farasi wake, Meja ndiye aliyekuwa akigombaniwa. Alikuwa mrefu, rangi ya majivu, na shingo ya kujisikia.

Mpaka siku ile ya harusi ya Kisugu. Wapambe walifyatua fataki la karatasi karibu na sikio lake, na Meja akaondoka na kila kitu. Bwana harusi alitua kwenye sufuria la mchuzi wa njugu, na hapo ndipo watu hupenda kuishikilia hadithi. Namalwa mwenyewe aliisimulia vizuri kuliko wote, akiigiza jinsi mkwe alivyouliza kama mahari inahesabiwa na mchuzi. Asilolisimulia ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa chini, ameshika kamba, na alikuwa ameizungusha kifundoni ili isimponyoke. Aliburutwa kutoka turubai hadi lango. Kwato zilipiga ardhi pembeni ya kichwa chake, puh, puh, puh, na kila moja ilipotua aliwaza inayofuata haitakosa.

Tangu siku hiyo Meja hakukodishwa tena. Mama Benedicte alimvumilia kwa muda, halafu akasema neno lake. Wafuga farasi wa Kampala walikuwa wakiandaa mbio za masafa marefu, za kutwa nzima kupitia vijijini, na yeye alitaka farasi wa kuingiza. Jumamosi ya majaribio, wiki kadhaa mbele, Meja azunguke njia ndefu, akirudi daktari wa mifugo, Maimunah, amsikilize moyo. Mapigo ya moyo yakishuka ndani ya muda unaoruhusiwa, Meja anabaki. Yasiposhuka, Kasim atakuja Jumapili na lori lake. Kasim naye alikodisha farasi wa harusi, lakini spika zake zilikuwa kubwa kuliko za wengine na mafataki yake ya moto halisi. Alikwisha kuja kumwangalia Meja meno.

Namalwa hakuhitaji kuelezwa mwisho wake. Meja akirudi kwenye harusi ataua mtu, kisha yeye mwenyewe atauawa, na watu watapata hadithi nyingine ya kuchekea. Tena yeye ndiye pekee ambaye Meja alikubali amtandike. Basi akasema atampanda. Alisema huku akicheka, na usiku wake ukaharibika kuanzia hapo.

Mwalimu wao alikuwa Otema, Mwacholi, sajini mstaafu wa polisi, aliyemaliza ujana wake kwenye farasi wa serikali. Alikuja zizini kila asubuhi kwa hiari yake, kwa sababu, alisema, nyumbani hakuna anayempigia saluti. Kila alipoingia alimpigia Meja saluti yeye kwanza. Farasi alimzidi cheo, na amri ni amri.

Otema ndiye aliyemwelewesha Namalwa kwamba mbio hizi hazishindwi kwa kukimbia. Farasi wote wanajua kukimbia. Unaposhinda ni pale unapotembea: farasi mwenye hatua ndefu za utulivu hula njia huku amepumzika, wenzake wakihema kando ya barabara. Na katika kila kituo kuna daktari. Moyo wa farasi ukigoma kushuka, unatolewa mashindanoni, hata kama ulifika wa kwanza. Kwa hiyo kazi yao ilikuwa moja, kumfundisha Meja kutembea.

Njia ya mazoezi ilifuata mfereji, ikapita chini ya daraja la barabara kuu, ikapanda mpaka jalalani. Pale jalalani walikaa kalooli, wale ndege korongo wakubwa wenye vipara, wamejikunyata kama mawakala wa mazishi. Meja hakuwapenda. Kila alipowafikia alikaza mwendo, masikio nyuma, akawapita bila kuvunja hatua. Namalwa alipima kwa simu. Wiki ya kwanza alifurahi, ya pili akafurahi zaidi, kwani kipande kile cha njia kilizidi kufupika. Akaanza kujisifu. Alimwambia Mama Benedicte kwamba Meja sasa anatembea kama mtu aliyesikia kuna sukari ya bure.

Asubuhi moja Otema alikuwa amewatangulia kwa bodaboda, akawangojea baada ya jalala. Hakuitazama simu aliyoonyeshwa. Alichuchumaa kwenye tope, akatazama alama za kwato, kisha akainuka na kuingiza kiganja nyuma ya kiwiko cha Meja, pale moyo unapogonga. Akakaa hivyo, uso umeelekea kando, kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana.

"Huyu hapana tembea," akasema. "Huyu natoroka. Iko natoroka na miguu ya kutembea."

Namalwa akatetea saa yake. Akasema kila wiki anapunguza muda, Afande anataka nini tena, mbawa?

"Hata mimi, mwaka ule ya fujo, nilitembea haraka sana pale Kamwokya," Otema akamjibu. "Hapana kwa sababu ya afya."

Akamwonyesha matopeni. Farasi anayetembea kweli, kwato ya nyuma huipita alama ya kwato ya mbele. Za Meja ziliishia nyuma yake, fupi fupi, nyingi, kama za mtu aliyefungwa kanga miguuni. Namalwa aliinama akazitazama moja moja. Wiki zote hizo alikuwa akimpongeza farasi kwa kuogopa. Alimpigapiga shingo kila alipoogopa vizuri zaidi.

Otema akamwambia ashuke.

Hapo ndipo shida yake halisi ilipoanza, maana juu ya tandiko Namalwa alikuwa na afadhali. Juu, kwato zilikuwa chini yake. Chini, zilikuwa mahali popote. Akasema kiatu kinambana. Akasema amekula kitu kibaya. Akasema Meja leo ana sura ya mtu anayedai. Otema aliyasikiliza yote kwa heshima, kisha akamkabidhi kamba.

Akashuka. Akaishika kamba, akasikia harufu ya jasho la farasi ikimpanda puani, na mara akawa tena chini ya turubai la Kisugu, puh, puh, puh. Hakujua amefikaje nyuma ya rundo la matairi. Alitapika chai na mkate, akabaki ameinama, mikono magotini, akiona aibu mbele ya kalooli. Otema aliwageukia ndege, akawapa mgongo wote wawili mpaka Namalwa alipomaliza. Kisha akatoa mfukoni kifuko cha vipande vya muwa vilivyomenywa, kama vile wanavyouza vijana wa baiskeli, akampa kimoja.

"Tafuna."

Namalwa akasema hana hamu.

"Sikuuliza hamu. Mtu natafuna hawezi funga pumzi. Ukifunga pumzi, farasi nasikia. Yeye nafikiri wewe umeona chui."

Walipokuwa wakipelekwa kwenye fujo, alimweleza, mkubwa wao aliwagawia muwa kabla ya virungu. Askari anayetafuna meno yake hayakazi, na asiyekaza meno hapigi mtu ovyo. Farasi naye ni hivyohivyo. Hofu ikimtoka utamwona anaanza kulamba na kutafuna mdomo mtupu. Basi wasubiri hapa, watafune, mpaka Meja atafune.

Wakasubiri. Walisimama watatu mbele ya jalala kama wageni waliofika kwenye msiba wa mtu wasiyemjua, watu wawili wanatafuna, farasi amekaza shingo, kalooli wanawatazama kwa subira ya kitaaluma. Wapita njia waliuliza kama wanauza. Jua likapanda. Mwishowe Meja akashusha kichwa, ulimi ukatoka, taya likaanza kusaga hewa. Otema akampigia saluti.

Kwa siku zilizobaki hawakupima muda hata mara moja. Walitembea kwa miguu, Namalwa begani mwa Meja, kamba imelala juu ya kiganja kilichofunguka. Kuhusu kamba, Otema hakuwa na mzaha. Alimkunjia mkono wa shati akalitazama lile kovu, akaurudisha mkono wa shati mahali pake bila kuuliza.

"Akitaka kwenda, aende," alisema. "Wewe baki na mkono yako."

Na kingine: asimvute. Mtu akitembea zake kwa hatua za kujiamini, farasi huona aibu kubaki nyuma. Namalwa akauliza, na mtu asiyejiamini je? Otema akasema hatua ndefu inatosha, farasi hakagui vyeti.

Siku ya mwisho Otema alipochuchumaa matopeni, kwato ya nyuma ilikuwa imeipita ya mbele kwa upana wa kiganja. Akaipima kwa mkono wake mara mbili, akatabasamu peke yake. Namalwa naye alitabasamu, lakini ukweli ni kwamba hofu yake haikuwa imepungua hata punje. Kila asubuhi mate yalimkauka alipoigusa kamba. Alikuwa amejifunza tu kutembea nayo.

Jumamosi ilifika ikiwa na jua kali. Daktari Maimunah alikaa kwenye kiti cha plastiki, kipimo cha moyo kimening'inia shingoni. Mama Benedicte alisimama mlangoni mwa banda, mikono ameifunga kifuani. Otema angebaki pale, maana jaribio ni la mpandaji na farasi wake. Alimjazia Namalwa mfuko muwa, akapiga saluti mara mbili, na safari hii moja ilikuwa yake.

Walitoka. Mfereji, daraja, jalala. Meja aliwatupia kalooli jicho moja akapita, kichwa chini, hatua ndefu, mgongo wake ukiyumba chini ya tandiko kama kitanda cha kamba. Wakaingia mashambani. Wakakimbia pale pa kukimbia, wakatembea pale pa kutembea, na katika mteremko wa mwisho Namalwa alijikuta anaimba. Alishaanza hata kutunga jinsi atakavyoisimulia siku hii.

Ndipo aliposikia spika.

Kichochoro cha kurudi zizini kilipita kati ya ukuta mrefu na mfereji. Ukutani palikuwa na lango, na langoni, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu, palikuwa na maturubai, magari yamepangana, wanawake waliovaa magomesi, yale magauni marefu ya sherehe, na farasi mweupe amevishwa kitambaa cha dhahabu. Pembeni ya farasi alisimama Kasim. Akamwona Namalwa, akamwinulia mkono kama mtu anayemsalimia mteja.

Njia nyingine ilikuwa barabara kuu, pamoja na malori yake. Kungoja sherehe iishe ni kungoja jioni, na muda wao ulikuwa unakwisha.

Chini yake Meja aligeuka mbao. Mgongo uliokuwa ukiyumba ulikaza, shingo ikapanda mpaka masikio yakamziba Namalwa macho. Moyo wake aliusikia kwa magoti, ukipiga tandiko kutoka ndani. Akili ya Namalwa ikampa shauri la haraka: kaa juu, mpige visigino, mpite mbio, ni kufumba na kufumbua. Lakini juu ya ukuta watoto walikuwa wamekaa wakinywa soda, miguu inaning'inia, na wengine walikuwa wakichezea katikati ya njia. Na hata kama angewakosa wote, moyo huo usingeshuka tena leo. Kesho lori.

Akashuka.

Akaiweka kamba kiganjani, akatia muwa mdomoni. Mdomo ulikuwa mkavu kiasi kwamba kipande kilikaa kama kipande cha kuni. Akasaga hivyohivyo. Utamu ukaja kidogo, kisha pumzi. Akapiga hatua ndefu, akitazama mwisho wa kichochoro, na kamba ikaja.

Mshereheshaji akawaona. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba bwana harusi wa pili amefika, naye ni mwanamke, na gari lake limekataa kuwaka. Turubai zima likaangua kicheko. Siku nyingine yoyote Namalwa angemjibu, na angemshinda. Leo alitafuna. Hatua, hatua. Kwa pembe ya jicho aliona povu likimtoka Meja shingoni. Lango likawa sawasawa nao. Likaanza kubaki nyuma.

Fataki likalipuka.

Kamba ilipita kiganjani kama kisu. Vidole vyake vilianza kufunga, vyenyewe, kama vilivyofunga Kisugu, na akavifungua kwa nguvu iliyomuuma mpaka begani. Ncha ya kamba ikaanguka mavumbini. Meja alikuwa huru.

Alikwenda mbele kwa kishindo, tandiko tupu, vikuku vya kukanyagia vikimpiga mbavuni. Mama mmoja akamnyakua mtoto. Kisha, ukingoni mwa mfereji, farasi akasimama. Akageuka, pua zimepanuka, anatetemeka mwili mzima, anatazama huku na huku kama mtu aliyeamka mji usio wake. Mbele yake kulikuwa na zizi, nyuma yake spika, na katikati Namalwa mwenye mikono mitupu.

Kukimbia kumkamata kungemtupa mferejini au kumrudisha kwa watu. Namalwa alilijua hilo. Alijua pia kilichobaki, na ndicho kilichomfanya atake kukaa chini alie. Akatia kipande kingine cha muwa mdomoni. Akatembea. Hatua ndefu, macho mbele, akampita Meja karibu kiasi cha kusikia joto lake, asimguse, asimtazame, akampa mgongo.

Nyuma yake hapakuwa na sauti. Kisha ikawapo. Puh. Puh. Puh.

Kwato zilikuwa zinakuja nyuma ya kichwa chake. Nywele za kisogoni zilimsimama. Kila mfupa wa mgongo ulimwambia ageuke, ajikunje, afunike kichwa. Akatafuna. Alitafuna kwa sauti, kwa fujo, maji ya muwa yakimchuruzika kidevuni na kuchanganyika na machozi ambayo hakujua yameanza lini. Puh, puh. Zikaja karibu. Hatua zikawa ndefu. Zikawa polepole. Kisha kitu chenye unyevu kikamgusa kiuno, kikasukuma, na pua ya Meja ikaanza kupekua mfuko wake.

Akampa kipande bila kusimama. Akasikia meno yakisaga. Wakaenda hivyo mpaka zizini, wote wawili wanatafuna.

Daktari Maimunah alimsikiliza mara ya kwanza, akatikisa kichwa, akasema bado, bado sana. Fataki lilikuwa limefika hadi kwenye kipimo. Muda uliobaki ulikuwa mchache. Otema alimvua Meja tandiko, akammwagia maji shingoni. Mama Benedicte alitazama barabarani, kule ambako lori lingetokea kesho. Namalwa alisimama begani mwa Meja, mahali pake pa siku zote hizi, kiganja kinachovuja damu kimefunguka, akapumua kama mtu anayefundishwa. Meja akashusha kichwa. Akashusha tena. Ulimi ukatoka. Taya likaanza kusaga hewa.

Daktari akarudisha kipimo nyuma ya kiwiko. Akahesabu, midomo ikimcheza. Akahesabu tena tangu mwanzo, na Namalwa akatamani kumpokonya.

"Moyo umeshuka," daktari akasema. "Anapita."

Mama Benedicte akafungua mikono kifuani. Akachukua simu, akampigia Kasim, na kelele za harusi zikasikika upande wa pili.

"Lori yako ibaki," akamwambia. "Meja ana kazi."

Akaikata, akaingia bandani kutafuta kitambaa cha kumfunga Namalwa mkono.

Otema alimpigia Meja saluti. Kisha akamgeukia Namalwa, akaweka vidole viwili shingoni mwake, pale mshipa unapocheza, akasikiliza kwa uso ulioelekea kando.

"Wewe," akasema, "wewe ungetolewa."

Namalwa alitaka kucheka na kicheko kikagoma kutoka. Akaingiza mkono usio na jeraha mfukoni atoe muwa, vipande vikamponyoka, vikatawanyika miguuni mwake. Meja akainamisha shingo kuviokota, kwato moja ikatua karibu kabisa na kidole chake cha mguu. Namalwa aliitazama ile kwato. Hakuuvuta mguu. Akaokota kipande kimoja kabla Meja hajakifikia, akakifuta kwenye shati, akatafuna.